Gauni la Komunio na Maji ya Ziwa

Goma haina mto. Mvua ikinyesha, maji huzama kwenye mawe meusi ya volkano kabla hayajapata njia ya kutiririka. Mji umejengwa juu ya mawe hayo, na mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga mengine mapya hadi katikati yake. Ndiyo maana anayefungua robine Goma kwa kawaida anakunywa Ziwa Kivu. REGIDESO, shirika la maji, huyavuta maji ziwani kwa pampu, huyatia dawa, kisha huyasukuma kwenye matangi ya kulisha mitaa. Sisi wa mitaani tunayapokea kwenye bidoni za njano za lita 20, siku nyingine mgongoni, siku nyingine juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma.

Mama mkwe wangu, koko wa watoto, alishuka kutoka Masisi wiki ya komunio ya kwanza ya binti yetu. Kwao maji hutoka kwenye chemchemi ya mlimani, na kipande kidogo cha sabuni hujaza beseni povu. Ijumaa jioni aliniambia, "Mwanangu, pumzika. Gauni la mjukuu wangu nitalifua mwenyewe." Hakuna mkwe wa kulikataa neno kama hilo, basi nikamwekea beseni na bidoni mbili.

Alisugua, povu halikuja. Akaongeza sabuni, akasugua tena. Badala ya povu yakaelea mabonge madogo ya kijivu, kama maziwa yaliyoharibika, na kila alipoongeza sabuni mabonge nayo yaliongezeka. Yalishika vidole vyake, yakashika ukingo wa beseni, yakaingia kwenye nyuzi za gauni. Asubuhi tulilikuta kwenye kamba limekakamaa. Pindo lilikuwa na utando unaonata, na weupe wake ulikuwa umekwenda. Binti alilia. Koko alilizungusha gauni mikononi bila kusema neno.

Chai ndiyo iliyomfungua mdomo. Majani yale yale aliyoyaleta mwenyewe, ambayo kwao hutoa chai nyekundu inayong'aa, hapa yalitoa chai nyeusi iliyofifia. Akanyanyua kifuniko cha birika, akakwaruza ndani kwa kijiko, na ukoko mweupe ukadondoka kiganjani mwake. Akamwonyesha mwanawe. "Tazama mnachokunywa. Kama yanakula birika, matumbo ya watoto yatapona?"

Baba watoto hampingi mama yake mbele ya watu. Mchana huo huo shitingi ilifungwa chini ya ukingo wa mabati, pipa likawekwa chini yake, na jioni mvua ikanyesha kama iliyoitwa. Gauni lilifuliwa upya kwa maji ya mvua. Povu lilipanda hadi viwiko vya koko, naye akaimba. Jumapili binti yetu alisimama mbele ya altare akiwa mweupe kuliko wenzake wengi.

Ushindi wa gauni ndio uliotuponza. Kama maji ya mvua yanang'arisha nguo namna hii, ilisemwa nyumbani, basi ndiyo maji safi. Pipa likahamia jikoni. Bidoni za robine zikaachiwa kudekia sakafu, na makaa ya kuchemshia maji yakaonekana kuwa hasara ya bure.

Wiki iliyofuata mtoto wetu mdogo alianza kuhara, na usiku dada yake akamfuata. Goma inaijua hofu hiyo. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika hapa, takriban watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, na tangu hapo kipindupindu hakijatuacha kwa muda mrefu. Tuliwabeba watoto hadi kituo cha afya kukiwa bado giza. Hakikuwa kipindupindu. Walinyweshwa maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, na kabla ya jua kutua walikuwa wanaomba bugali. Lakini muuguzi hakutuacha tuondoke kabla ya kuuliza, "Maji mnakunywa ya wapi?"

Koko alieleza yote, kuanzia gauni. Muuguzi alimsikiliza kwa heshima, kisha akamtenganishia mambo mawili ambayo nyumbani tulikuwa tumeyachanganya.

La kwanza ni ugumu wa maji. Ziwa Kivu limekaa kwenye ardhi ya volkano, na chemchemi za chini yake hulipelekea madini kwa wingi, hasa magnesi, sodiamu na bikaboneti. Magnesi ikikutana na sabuni ya kipande huigandisha, na ndiyo yale mabonge ya beseni. Maji yakichemka, sehemu ya madini hujitenga na kuganda kwenye birika. Chai nayo huwa nyeusi kwa sababu maji ya ziwa hili si ya kichachu kabisa: pH yake hukaribia 9. Hayo yote yanachosha mikono na kumaliza sabuni, lakini Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya.

La pili ni usalama wa maji, nao hauonekani kwa povu. Maji ya mvua yanapenda sabuni kwa sababu hayana madini, lakini hupita juu ya mabati yenye vumbi, majivu na kinyesi cha ndege, na hayana dawa hata tone. Hapa kwetu kuna jambo jingine tena. Moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, una gesi zinazoyeyuka kwenye mvua, floridi ikiwemo. Kikomo cha floridi ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa zaidi ya hapo miaka na miaka, meno yake hupata madoa ya kahawia yasiyofutika, na madoa hayo yanajulikana sana vijijini magharibi ya volkano, ambako upepo husukuma moshi mara nyingi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ina sheria, na koko ndiye mlinzi wake. Maji ya mvua ni ya kufulia na kuogea. Maji ya robine ni ya kunywa na kupikia, kwenye bidoni yenye kifuniko inayosuguliwa kila inapokwisha. Siku robine ikikauka tukachota ziwani, tunayatia dawa ya klorini. Dawa hiyo hufanya kazi polepole kwenye maji yenye pH ya juu, kwa hiyo nusu saa ya kusubiri tunaihesabu kuwa mwanzo tu. Birika linachemshwa na ndimu hadi ukoko ulegee. Nguo nyeupe zikilazimika kufuliwa kwa maji ya ziwa, tunatumia sabuni ya unga.

Siku za robine kukauka si hadithi hapa. Mei 2021 lava iliharibu miundombinu ya maji, na watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji ya bomba. Januari 2025, katika vita, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na familia zikashuka ziwani na bidoni zao. Siku kama hizo mama wa nyumba ndiye anayeamua peke yake ni maji gani yatamfikia mtoto, na anastahili kuamua akiwa anajua.

Kwa hiyo nawaomba wote wanaotupatia maji, kwa robine, kwa lori au kwa chukudu: tuambieni pale pale pa kuchotea yametoka wapi na kama yametiwa dawa. Nawe mama mwenzangu, usiyapime maji ya mtoto wako kwa povu wala kwa rangi ya chai. Uliza kama yana dawa. Kama hayana, yatie au yachemshe; lakini ya mvua, hata kama yameifanya nguo kuwa nyeupe, yaachie nguo.