Kolwezi Kwenye Skrini Kubwa: Tunahesabu Kushuka, Tano Hadi Moja

Filamu ya kwenu haitazamwi kwenye simu, ndugu yangu, huku unamjibu shemeji ujumbe. Inataka ukuta mzima, giza, na jirani wa kukupigia kelele sikioni. Hizi hapa tano za ukanda wetu wa shaba. Anayebisha abishe, nafasi ipo.

TANO. La Légion saute sur Kolwezi, 1980. Raoul Coutard, aliyewahi kuwa mpiga picha wa mwongozaji Godard, anasimulia jinsi askari wa miavuli wa Ufaransa walivyorukia Kolwezi tarehe 19 Mei 1978. Sasa niulize aliipigia wapi. Guyane, Amerika ya Kusini! Kwenye simu utadanganyika. Kwenye skrini kubwa mzee wa mtaa wetu wa Manika atasimama: "Mti ule si wa kwetu, na barabara ile haiendi Dilala!" Nimeiweka mkiani kwa sababu hiyo, na kwa nyingine iliyo nzito zaidi: mamia ya watu waliuawa siku zile, na filamu imewakumbatia Wazungu kuliko wenyeji.

NNE. Katanga Business ya Thierry Michel, 2009. Wenye mitaji wa Ulaya, Wachina na wachimbaji wa mikono wanagombea ardhi ile ile. Shimo la mgodi halienei kwenye kioo cha vidole vinne. Hoja imekwisha.

TATU. Augure, 2023, ya Baloji, mtoto wa Lubumbashi, iliyopata tuzo Cannes. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba mjamzito. Anambeba mtoto wa dada yake, pua inamtoka damu, tone linamdondokea kichanga, na ukoo mzima unaruka: mchawi! Peke yako kitandani utasema "aisee" basi. Ukumbini nusu ya akina mama watashika vinywa, nusu watapaza sauti: "Mpeni maji kwanza, mashtaka baadaye!" Ndiyo maana nailipia tiketi.

MBILI. Hapa si filamu, ni watazamaji. Ng'ambo ya mpaka, Luanshya, Zambia ya leo, mwanaanthropolojia Mmarekani Hortense Powdermaker alikaa na watu wa migodini mwaka 1953 na 1954, kisha akaandika kitabu, Copper Town. Aliwakuta kwenye sinema ya uwanjani, wakishangilia filamu za cowboy kwa sauti ya kuamsha mtaa. Kila shujaa kwenye Copperbelt aliitwa Jeke. Kofia mpya, farasi mpya, Jeke yule yule! Anayewataka watu wa namna hii wakae kimya sinemani hajui raha.

MOJA. Makala, yaani mkaa, filamu ya Emmanuel Gras, 2017. Hapa sina utani na mtu. Kijana Kabwita Kasongo anaangusha mti mkubwa kwa shoka, anafukia magogo kwa udongo, anachoma mkaa, kisha anapakia magunia kwenye baiskeli mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Haipandi, anaisukuma, kifua kimelala juu ya mzigo, kilomita 50 hivi hadi Kolwezi. Malori yanampita yakimwaga vumbi. Kwenye simu vumbi lile ni ukungu wa rangi ya kahawia. Kwenye skrini kubwa linakufuata kitini, unatafuta kitambaa. Unasikia tairi likikwaruza changarawe, pumzi ikikata, na mkono ukitafuta usawa wa magunia kila barabara inapoinama. Halafu anafika mjini, na mnunuzi anaanza kukata bei! Wewe uliyekata bei ya mkaa jana sokoni, utakaa vipi kwenye kiti hicho?

Filamu hii ilinyakua Tuzo Kuu ya Wiki ya Wahakiki, Cannes. Waliipigia makofi watu wasiojua gunia la mkaa lina uzito gani. Wanaolijua wako Kolwezi, na wao ndio wanaostahili kuikalia pamoja, wakimshauri Kabwita kwa sauti apumzike, asikubali bei ile, aangalie lori nyuma.

Basi, mwenye ukumbi wa parokia, mwenye uwanja wa shule, mwenye ukuta mweupe na projekta: panga tarehe. Ni dakika 96 tu. Viti tutaleta wenyewe.