Kwa Kamati Maalumu ya Kuchunguza Poti Iliyoungua

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: POTI YA MTANDAO INAYODAIWA KUUNGUA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naipongeza Kamati kwa kuundwa upesi. Seva ilipotea mtandaoni Jumamosi usiku baada ya kupandishwa toleo. Kufikia Jumatatu asubuhi Kamati ilishapata katibu, hadidu za rejea na fungu la chai. Kilichokuwa hakijapatikana ni ufunguo wa chumba cha seva, kwa kuwa hukaa kwa Afisa Ugavi, naye alikuwa kikaoni kama mjumbe.

Ripoti yenu ya awali nimeisoma yote, pamoja na kiambatisho cha posho. Mmebaini kwamba poti iliungua kwa radi, mkapendekeza swichi mpya, nyaya mpya na semina ya wajumbe Bagamoyo. Kuhusu Bagamoyo sina pingamizi. Kuhusu radi naomba niseme kidogo, maana wiki hiyo hayakuanguka hata manyunyu.

Mjumbe wenu alichungulia nyuma ya seva, akakuta taa ya poti imezimika, akaandika "imeungua". Lakini taa huzimika pia kwa poti ambayo hakuna aliyeiambia iamke. Nilipochomeka kioo na kibodi nikaandika amri ya ip link, niliikuta kadi ya mtandao ipo, nzima kabisa, imelala tu. Nikaiamsha kwa mkono. Taa ya kijani ikawaka papo hapo, na ethtool ikajibu kwamba waya umeshika kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde. Kama hiyo ndiyo kuungua, naomba radi ipige na kompyuta yangu ya mezani.

Tatizo lilikuwa jina. Kabla ya Jumamosi poti ile ikiitwa enp65s0f0. Baada ya kupandisha Proxmox VE, mfumo unaoendesha mashine pepe zetu, kutoka toleo la 7 hadi la 8, ikawa enp65s0f0np0. Si uchawi. En ni ithaneti, p65 ni namba ya basi ya PCI iliyobeba kadi, s0 ni nafasi yake kwenye basi hilo, f0 ni sehemu ya kwanza ya kadi yenyewe. Kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo kilichokuja na toleo hilo, inayoijua kadi kwa undani kuliko ile ya zamani, ikaiuliza poti inaitwaje. Kadi ikajibu p0, na jibu likabandikwa mwishoni likitanguliwa na n. Wakati huohuo faili la /etc/network/interfaces likaendelea kuita jina la zamani. Daraja la vmbr0, ambalo mashine pepe zote hupitia kwenda nje, likawashwa bila poti hata moja. Mashine zilikuwa hai, zinachapa kazi, ila hazina pa kutokea.

Mheshimiwa, ofisi unayoitumikia humrudisha mwananchi nyumbani kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema Juma Hamisi na kitambulisho kinasema Juma Hamisi Mrisho. Kasimama dirishani, sura ni ileile, hata mlinzi wa getini anamfahamu. Anaambiwa hatambuliki mpaka alete hati ya kiapo. Nilitaraji kwamba kati ya ofisi zote, hii yetu ingeelewa kabla ya chai ya saa nne. Seva ilifuata utaratibu wenu neno kwa neno: jina limezidi herufi tatu, mwombaji arudi kwao. Badala ya kuipandisha cheo, mkatafuta radi.

Najua mtauliza kwa nini majina yenyewe yasiwe mafupi. Yalikuwa. Zamani poti ziliitwa eth0, eth1, kwa mpangilio wa kerneli kuzigundua, na seva yenye poti mbili iliweza kuwashwa upya zikabadilishana majina bila kumtaarifu mtu. Ndipo Januari 2013 toleo la 197 la programu ya systemd likaleta majina yaitwayo yanayotabirika. Na kweli yanatabirika, mpaka siku kerneli inapojifunza jambo jipya.

Hata hilo halikuwa siri. Watengenezaji wa Proxmox, walioko Vienna, wameandika waziwazi kwenye maelekezo ya kupandisha toleo kwamba kerneli mpya inaweza kubadilisha majina ya poti. Ukurasa huo niliuambatisha kwenye dokezo sabili, nikaomba mtu akae kando ya seva usiku huo akiwa na ufunguo. Dokezo likarudi limeandikwa kwa wino mwekundu: "Nimeona. Endelea, ila huduma isikatike." Kuacha lile toleo la zamani lilivyo nako kusingefaa, maana lilikoma kupata marekebisho ya usalama Julai 2024.

Mtandao, kama mnavyojua, umekwisha kurudi. Nilirekebisha jina kwenye faili, nikaandika ifreload -a, foleni ya dirishani ikaanza kusogea. Nashukuru kwamba jambo hilo dogo halikuvuruga ratiba ya vikao vyenu.

Kilichobaki ni ile hati ya kiapo. Ni faili dogo lenye mwisho wa .link ndani ya /etc/systemd/network, lenye mistari michache inayosema: kadi yenye anwani hii ya MAC, iliyopewa kiwandani, iitwe lan0 daima. Jina lisiwe eth0, kwa kuwa majina ya aina hiyo kerneli huyagawa yenyewe na yanaweza kugongana. Baada ya hapo kerneli ijifunze itakavyo. Toleo la 9 la Proxmox VE, lililotoka Agosti 2025, limeleta hata zana ya kuandika mafaili hayo yenyewe. Kazi yote ni ya dakika chache na kuwasha seva upya mara moja, lakini Kamati imezuia mabadiliko yoyote hadi uchunguzi ukamilike, na uchunguzi umeongezewa muda.

Basi angalau hili. Swichi mpya ikifika, ifungeni popote mtakapoona panapendeza, ila fundi wa mzabuni asiguse kadi iliyo ndani ya seva. Akiihamishia nafasi nyingine ile 65 itabadilika, poti itapata jina la tatu, na nyinyi mtahitaji kamati ndogo.

Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Seva,
Kitengo cha TEHAMA