Mashine Iliyotaka Kushuka Ngazi

Nilipofungua mlango wa jiko katika nyumba niliyopanga Leipzig, nilikuta mabomba mawili yakichungulia ukutani, na waya tatu. Basi. Nikamuuliza mwenye nyumba jiko liko wapi. Akanijibu kwa upole kwamba mpangaji aliyetangulia amehama nalo: sinki, makabati, hata taa. Ujerumani wengi huhama na jiko lao kama konokono na nyumba yake. Nikajipa moyo: chakula kilichopikwa kinauzwa, lakini nguo zangu hakuna anayeniuzia zikiwa zimefuliwa. Nikaanza na mashine ya kufulia.

Mimi ni mtu wa Kariakoo. Unasikia bei, unashtuka, unapiga hatua mbili kuelekea nje, unaitwa: "Rudi basi bosi, tuongee." Dukani, mashine iliandikwa euro 349. Nikashtuka kwa ustadi wote niliourithi kwa mama. Nikapiga hatua mbili. Nikapiga ya tatu. Nilipofika kwenye maegesho ya magari ndipo nikaelewa kuwa hakuna atakayeniita. Nikarudi mwenyewe, nikalipa 349.

"Kupelekewa ni bure," muuzaji akasema, "hadi Bordsteinkante."

"Hapana," nikamsahihisha, "mimi nakaa Connewitz."

Akanitazama kwa muda. Ndani ya tramu nikafungua kamusi: Bordsteinkante si mtaa. Ni ukingo wa barabara, lile jiwe linalotenganisha lami na njia ya waenda kwa miguu.

Na kweli, Jumamosi dereva aliishusha mashine juu ya jiwe hilo hilo, kwa usahihi wa mpima ardhi, nikatia saini, akaondoka. Mimi nakaa ghorofa ya nne. Lifti hakuna.

Kariakoo, kabla hujamaliza kuhesabu chenji, vijana watatu wangekuwa wameshagombana nani abebe, na wa nne ameshasogeza guta. Hapa watu walipita wakinitakia siku njema. Bwana mmoja alisimama, akaizunguka mashine, akafungua mlango wake, akachungulia. Nikamshukuru Mungu. Akaniuliza kama inagawiwa bure. Kumbe huku mtu akichoka na kiti chake hukiweka nje na karatasi iliyoandikwa "zu verschenken", mpita njia ajichukulie. Nikaikalia mashine, ieleweke kwamba ina mwenyewe.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona nasikia magari?"

Nikamweleza. Akashangaa: "Kilo sabini! Imetiwa nini humo?"

Nikapekua kijitabu. Ndani mna bonge la zege, la kuituliza mashine inapokamua. Kimya kidogo.

"Kwa hiyo mwanangu umekwenda mpaka Ulaya ukanunua zege."

Aliyeniokoa ni rafiki mzaliwa wa Bukavu, aliyekuja na kamba za kubebea. Ghorofa ya kwanza alisema, "Ndugu, hii kitu iko muzito." Ya pili: "Ndugu, tuirudishe." Ya tatu hakusema kitu, na yule si mtu wa kunyamaza.

Kesho yake nikajaza nguo, nikabonyeza, nikaketi sakafuni kuitazama kama televisheni. Mwanzo ilikuwa na adabu. Ilipofika kukamua, mizunguko 1,400 kwa dakika, ikapiga ukuta teke, ikaanza safari ya mlangoni huku mpira wa maji ukiivuta nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nikaikumbatia. Tukatetemeka wote. Na siku yenyewe Jumapili! Mapumziko ya Jumapili kwa Wajerumani yamo ndani ya katiba: kifungu cha mwaka 1919, kikarithiwa na katiba ya 1949. Watu hawathubutu hata kutoboa ukuta, mimi nina gwaride bafuni.

Kengele ikalia. Bibi wa ghorofa ya tatu, mfupi, amevaa aproni. Samahani yangu nilikuwa nimeshaiandaa, lakini hakuisubiri. Alipita hadi bafuni, akaizima mashine, akachungulia mgongoni mwake, akatamka neno moja refu kama treni ya mizigo: Transportsicherung. Ni zile bolti nne za nyuma, zinazolishika pipa lisicheze njiani. Usipozitoa, pipa haliwezi kuning'inia kwenye springi zake, na mtikisiko wote unaishia kwenye bodi ya mashine. Kijitabu kililieleza hilo mwanzoni kabisa, kwa herufi nyekundu. Mimi nilisoma ukurasa wa zege tu.

Akashuka, akarudi na spana.

"Lakini leo Jumapili," nikasema, aone kuwa nami nimeelimika.

"Spana haina kelele," akajibu, akapiga goti.

Aliponikabidhi bolti aliniagiza nizitunze kwenye droo ya jikoni, maana nitazihitaji siku ya kuhama. Nikamwonyesha jiko. Akayatazama yale mabomba mawili, akanitazama mimi, akashuka tena bila neno. Mara hii alirudi na kopo tupu la biskuti. Mpaka leo ndilo kabati langu.