Karai la Mheshimiwa Spika

Mke wangu, ambaye nyumbani tunamwita Mheshimiwa Spika kwa kuwa hakuna hoja inayopita bila yeye kugonga meza, aliona video kwenye simu. Wazungu wawili na mbwa wao wamepaki gari la kulala ndani kando ya ziwa, wanapika tambi kwenye kikaango kimoja. Kitunguu humo, nyanya humo, maji humo, tambi humo. Mara wanakula. Hata mbwa ametulia.

"Baba Neema, unaona? Chombo kimoja tu cha kuosha."

Hapo ndipo aliponipata. Hapa Umoja maji huja kwa zamu, na vyombo vya Jumapili ni vyangu. Ndugu msomaji, kama umeoa unajua sinki la Jumapili linavyofanana saa kumi jioni. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Gari la kulala ndani hatuna. Tulicho nacho ni Sacco. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake Spika, anakaa Kayole, na ana Nissan ya abiria kumi na wanne iliyostaafu baada ya kusaga Jogoo Road mpaka ikachoka. Ameipaka rangi nyeupe, lakini jua likiipiga ubavuni unauona ule mstari wa manjano wa sheria za Michuki za mwaka 2004 ukichungulia chini ya rangi, kama kovu. Aling'oa viti vya nyuma, akatupa godoro ndani, akafunga pazia la leso, akatangaza kwamba sasa ana gari la utalii. Mlango bado haufungi mpaka uupige teke, na yeye bado hawezi kuondoka bila kugonga bodi mara mbili kwa sarafu.

Spika hakutaka kikaango. Alitaka karai, kwa sababu sisi ni wengi na Mchwa, kijana wetu wa pili, haisemeshi sahani, anaimaliza tu. Tukashuka Kamukunji, kule jua kali, ambako hata kuuliza bei ni lazima upige kelele kuzishinda nyundo. Fundi alikuwa amekalia kigogo, anazungusha bati kwa mkono wa kushoto na kuligonga kwa wa kulia mpaka linabonyea katikati, kisha anapigilia masikio mawili kwa misumari minene. Spika alilipindua karai, akalinusa, akalibisha kwa kucha, akataja bei iliyomfanya fundi acheke na kumwita mwenzake aje asikie. Tuliondoka nalo kwa bei ya katikati, nikalibeba kichwani mpaka stegi, na makanga akanidai nauli ya mzigo.

Karai jipya halipikiwi hivi hivi, lina harufu ya mafuta ya mashine. Unalisugua kwa jivu, unalikausha motoni, unalipaka mafuta ya kupikia na maganda ya kitunguu, unaacha moshi utoke. Moshi ulitoka. Jirani wa juu alipiga simu kwa mwenye nyumba.

Mahali tulipochagua ni Kilimambogo, Ol Donyo Sabuk kwenye ramani, kwa sababu ukitoka Eastlands huhitaji hata kuiona tao: unashika Kangundo Road, Njiru, Ruai, Joska, unafika Tala, unakata kushoto. Na Tala, ndugu yangu, ndiko kwao Spika. Mama mkwe alikuwa Kayole kwa Sacco, amekuja kuonyesha daktari magoti, na aliposikia gari linapita kwao akasema hawezi kupandishwa matatu na magoti haya wakati watoto wake wanakwenda kutembea njia hiyo hiyo; basi atembee nasi kwanza, kwao tumshushe tukirudi.

Mama huyu mimi humwita Mizani, kimoyomoyo, kwa sababu hakuna mzigo unaompita bila kupimwa. Sasa elewa shida yangu. Mimi ni Mluhya wa Kakamega. Kwetu mkwe hampi mama mkwe mkono, hali naye, wala halali chini ya paa moja naye. Ukambani nako wana heshima hiyo hiyo, wanaiita nthoni, na Mizani anaishika sawasawa: hajawahi kunitazama usoni tangu nilipooa. Akitaka kuniambia jambo humtuma Neema, hata nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Na sasa tunakwenda kulala kwenye gari lenye paa moja na kula kwenye karai moja.

"Utalala kwa hema na Sacco," Spika akaamua. La kula hakuna aliyelifikiria.

Usiku wa kuamkia safari, Mizani alichemsha muthokoi huko Kayole. Mahindi yaliyokobolewa maganda, na maharagwe, hayana haraka. Yanataka saa kadhaa yakitokota polepole. Aliyachemshia kwenye meko ya Sacco, ule mtungi wa kilo sita ambao ndio tungesafiri nao. Sacco aliona, akanyamaza. Asubuhi akautikisa mtungi sikioni, akasema, "Iko."

Njiani hakuna la kusimulia. Mlango ulifunguka mara moja pale Joska, tukasimama, Mchwa akanunua mahindi choma.

Langoni ndipo mambo yalipoanza. Mizani, kwa wema wake, alikuwa amenunua Mutindwa sahani za plastiki, vikombe vya plastiki, vijiko vya plastiki na katoni ya maji ya chupa. Askari wa wanyamapori alikuwa kijana mpole. Akaeleza kwamba plastiki ya kutumia mara moja haiingii mbugani tangu tarehe 5 Juni 2020. Neema, ambaye tunamwita Wakili, akamsaidia kutoka dirishani: "Na mifuko ilipigwa marufuku 28 Agosti 2017, tulifunzwa." Mizani akamtazama mjukuu wake kama shahidi aliyegeuka. Sahani, vikombe na vijiko vikabaki langoni, tuvichukue tukitoka. Maji tukayamimina kwenye jerikani.

Tukawasha meko chini ya mti. Karai lilikuwa pana kuliko jiko lenyewe, likawa linapepesuka, tukalishikiza kwa mawe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba video ile haikuonyesha jambo kubwa kuliko yote: wale walikuwa wawili tu na walikuwa wamekubaliana. Sisi, Spika anataka tambi. Sacco amebeba nyama ya Burma imefungwa kwenye gazeti na anataka ikaangwe kavu. Mchwa anataka noodo. Mizani ana muthokoi wake kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso, hasemi kitu. Mimi nilikuwa nimeficha unga wa ugali chini ya godoro, kwa sababu mwanamume ana haki ya kulala ameshiba.

Spika akaamua tuanze na nyama, tambi zifuate humo humo. Mafuta yakapata moto, kitunguu kikaanza kugeuka rangi, nyama ikaingia ikapiga kelele nzuri. Kisha moto ukainama. Ukawa wa manjano. Ukazimika.

Sacco akataka kuulaza mtungi ubavu. Spika akamwambia akiulaza, yeye atalala kando yake milele, maana gesi ya maji ikipanda kwenye jiko hakuna wa kuizima. Basi Sacco akatumwa sokoni Donyo Sabuk, nje ya mbuga, akalete kuni. Ni karibu. Tungekuwa tumekula saa nane.

Wakati tunamngoja, nyani dume mkubwa alitoka kichakani bila wasiwasi wowote, kama mtu anayechukua chenji yake. Akapita kando ya nyama ya moto, akapita kando ya noodo, akaokota pakiti ya tambi. Akakaa juu ya jiwe, akaifungua upande unaofaa, akazitafuna kavu moja moja huku akimtazama Spika. Spika akasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa mbele ya watoto.

Sacco alirudi saa kumi kasoro. Kuni alikuwa nazo. Alikuwa pia na noti za mia mia mkononi, kwa sababu alipofika stegini alikuta watu wanangoja gari, na mtu aliyefanya matatu maisha yake yote hawezi kuona watu wamesimama na yeye ana nafasi. Alikuwa amewafikisha njia panda. Walikalia godoro langu, na mmoja alikuwa na kuku. Unga wangu haukuonekana tena.

Hapo Mizani akasimama, akafunga leso kiunoni. Hakuuliza mtu. Akaweka mawe matatu, kuni katikati, karai juu. Akairudisha nyama motoni mpaka maji yake yakakauka na mafuta yakajitokeza pembeni. Nyanya zikaingia zimekatwa mkononi bila ubao, hoho, kidogo cha Royco, chumvi. Alipoona nyanya zimelegea na kujitenga na mafuta, akaifungua ile sufuria na kuimwaga muthokoi yote mara moja, akaigeuza kutoka chini kwenda juu, polepole, asivunje maharagwe. Kabichi alilikata nyembamba, akalitandaza juu bila kuchanganya, akafunika kwa sinia na kuweka jiwe. Kabichi likaiva kwa mvuke. Moshi ulipotulia ikabaki harufu ambayo hata Mchwa aliacha kuuliza noodo.

Kisha tukakumbuka sahani zilizoko langoni.

Watoto, Spika, Sacco na Mizani wakalizunguka karai, kila mtu upande wake. Mimi nikasimama mbali, nikijifanya naangalia tairi. "Wakili," nikasikia, "mpe baba yako." Mizani alikuwa ameyabakiza yale majani makubwa ya nje ya kabichi, akayaosha, akayapanga mawili mawili, akajaza. Nikala nyuma ya Nissan, nimekalia jerikani, mchuzi ukinitiririkia mpaka kiwikoni.

"Muulize baba yako kama chumvi imetosha."

"Mwambie Susu imetosha."

"Muulize kama aongezwe."

Niliongezwa, na nikaongezwa tena.

Usiku, Sacco aliita abiria usingizini: "Tao hamsini, tao hamsini." Asubuhi tukapandisha mlima kwa gari, maana kwa miguu huruhusiwi bila askari, mbogo ni wengi. Huko juu amezikwa William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1925. Ukikulia Kaloleni au Makadara, jina hilo unalijua bila kujua: mjane wake, Lucie, ndiye aliyemjengea maktaba ya katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1931, na wazee wetu hawakuruhusiwa kuingia humo mpaka mwaka 1958. Matawi ya Kaloleni na Makadara yalikuja baadaye, na mimi nilisoma pale nikikimbia kutumwa dukani. Inasemekana alitaka kuzikwa kileleni, lakini alikuwa mnene kupita kiasi na gari la maiti likashindwa na mlima, wakamzika hapo lilipochokea. Sacco akasikiliza, akasema injini haikuwa na shida, shida ni dere. Mita chache mbele Nissan ikachemka. Tulisukuma, Mizani akiwa ndani na magoti yake, anatuma maagizo kupitia Wakili.

Kuna siri ya kupikia kuni: unapaka sabuni nje ya chombo kabla ya kukiweka motoni, masizi yatoke kwa maji tu. Hakuna aliyelipaka. Jumapili jioni karai halikuingia kwenye sinki, halikuingia kwenye beseni, na maji ya zamu yalikuwa yamekatika. Nikalisugulia bafuni kwa steelwool na maji ya jerikani, chombo kimoja tu, mpaka saa tano usiku.

Wakati huo Spika alikuwa ameshatuma picha kwenye kundi la ukoo, karai limejaa, moshi unapanda, maneno chini: "Sufuria moja tu, rahisi sana." Binamu wa Embakasi anataka kuja Desemba. Shangazi wa Machakos pia, na watu wake. Sacco ameshaanza kupokea pesa kwa simu: mia tano kila kichwa, mtoto akipakatwa ni bure. Mimi nimeambiwa nitalipa nauli kamili, na hema nijitafutie.