Sifa Kemkem kwa Tone la Kufungua Mboni

Tumekwisha kuwasifu waheshimiwa kwa kuzindua vyoo vya shule, tumewasifu wafadhili kwa kutuletea miwani waliyoichoka, na kila Desemba tunasifiana ukumbini mpaka mbege inakauka kwenye pipa. Leo naomba zamu ya asiyesifiwa na mtu: tone la dawa linaloingizwa jichoni kabla daktari hajachungulia ndani. Huwasha kama maji ya kitunguu kwa nusu dakika, kisha hukuacha nje kwenye jua la Moshi umefumba macho, unapapasa ukuta, unamwamkia mlinzi ukidhani ni mchungaji.

Sisi wenye kisukari hukutana nalo kila mwaka. Ugonjwa huu huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho bila kuuma na bila kutoa taarifa, na daktari anayemulika kupitia mboni iliyosinyaa huona sehemu ndogo tu ya retina. Tone humfungulia njia. Mtu anayeliogopa akabaki nyumbani huja kupata taarifa siku ambayo haimsaidii tena.

Fadhila zake ndogondogo nazipitia haraka. Kwanza, linatunza muda. Tropikamaidi, ambayo ndiyo hutumika mara nyingi, hufungua mboni ndani ya dakika 20 hadi 30. Nitajie dirisha lingine lolote chini ya Kibo linalofunguka ndani ya nusu saa. Pili, ni lenye subira. Macho ya kahawia kama yetu huchelewa kufunguka kwa sababu rangi yenyewe hukamata dawa na kuiachia polepole. Basi huongezwa tone la pili, na hakuna jicho linaloandikiwa barua ya kujieleza. Tatu, lina ukoo wa kutisha. Babu yake ni atropini, ambayo hupatikana katika mimea ya jamii moja na mnanaha, ule unaoota majalalani na kumfanya anayeula aone yasiyokuwepo. Zamani wanawake wa Italia walijidondoshea maji ya mmea wa jamii hiyo ili macho yaonekane makubwa na ya kupendeza. Atropini yenyewe ikikuingia jichoni, mboni inaweza kukaa wazi wiki nzima na zaidi. Shukuru kwamba mjukuu ana adabu, anaaga baada ya saa nne mpaka sita, ingawa kwa wengine hulala mpaka kesho yake.

Sasa nafika kwenye fadhila kuu, ambayo kwayo tone hili lilistahili mnara pale mjini karibu na ule wa saa. Tone hili humpa binadamu uhuru wa kutosoma.

Naeleza kitaalamu. Dawa hulaza msuli unaobana mboni, na papo hapo hulegeza msuli unaoikunja lenzi ili jicho lione cha karibu. Cha mbali kinabaki, kwa wale ambao macho yao ya mbali yalikuwa mazuri, ila kimejaa mwanga. Cha karibu kinaondoka. Kibo yenye mita 5,895 utaiona, mawingu yakikubali, lakini chenji iliyo kiganjani mwako huijui kama ni mia mbili au mia tano. Je, hii ni hasara? Fikirini pamoja nami ni vitu gani Mchagga huletewa karibu na uso wake avisome.

Kuna simu. Ndani ya simu kuna kikundi cha harusi ya binamu, kikundi cha kipaimara, kikundi cha ukarabati wa kaburi la babu na kikundi cha kikao cha ukoo. Kila kimoja kina orodha ya majina na mbele ya kila jina kuna tarakimu. Jina langu liko pale chini, na mbele yake ahadi ambayo siku niliyoitoa naamini nilikuwa na homa. Mwenyekiti wa kamati amekwisha kukataa visingizio vyote vinavyojulikana kati ya Rombo na Hai. Msiba alikataa. Ada ya shule alikataa. Kahawa kushuka bei aliicheka. Lakini nilipomwambia, “Kaka, nimewekewa dawa ya macho, siwezi kusoma,” alinyamaza, akasema, “Pole sana, pumzika.” Pumzika! Katika historia ya kamati za harusi nchini, neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa.

Kuna daftari la Mangi wa duka. Yeye hulifungua katikati ya wateja na kukusogezea: “Hebu ona mwenyewe.” Unainamia ukurasa kwa heshima zote, unauangalia kwa mboni kubwa zisizo na hatia, huoni hata tarehe. Mangi hawezi kudai deni ambalo mdaiwa halioni. Ni kinyume cha haki za binadamu. Kuna fomu ya kujiunga ya mtoto aliyechaguliwa kidato cha kwanza, yenye godoro, jembe, ndoo na rimu ya karatasi. Kuna barua ya mwenye nyumba. Vyote vinageuka ukungu mweupe wa amani.

Kwa hiyo napendekeza tone liuzwe stendi kuanzia Novemba, kabla mabasi ya Dar es Salaam hayajaanza kushusha ndugu. Kila koo iwe na mweka-tone, achaguliwe kwa kura, akae kando ya mweka hazina. Waliopita miaka 45 wasijumuishwe. Hao tayari wanasoma ujumbe kwa mkono ulionyooshwa, tone litawaongezea kidogo mno. Na wakati wa kampeni lipewe kila mpiga kura, ili ahadi zilizoandikwa na zisizoandikwa ziwe na uzito uleule.

Ningeendelea hivi mpaka jioni, isipokuwa kuna kliniki moja, siitaji, ambayo imeielewa vibaya fadhila hii. Pale unadondoshewa kwanza. “Baba, angalia juu.” Tone. Halafu ndipo unapewa karatasi yenye herufi ndogo, kwa Kiingereza, inayosema kwamba umeelezwa madhara yote ya dawa na umeridhia. Saini hapa. Hapa wapi? Nadhani nilisaini meza. Kisha unatumwa dirishani, unapewa mstari mrefu wa tarakimu uuingize kwenye simu ili ulipe. Kisha unaambiwa daktari yuko kikaoni, na kikao kinapokwisha mboni zimekwisha kujifunga, kwa hiyo, baba, angalia juu tena.

Nani mwenye akili zake anamnyima mtu kusoma, halafu anampa karatasi asome? Hapa mzaha umeniishia. Kwenye benchi alikaa kijana wa bodaboda, ufunguo unazunguka kidoleni. Hakuulizwa amefikaje. Hakuambiwa kwamba jua litamchoma, kwamba hatakiwi kuendesha mpaka uoni wake urudi. Alitoka, akaivuta pikipiki yake kivulini, akapakia mama mwenye mtoto mgongoni, akapandisha Uru akiwa ameweka kiganja juu ya nyusi. Mkono mmoja!

Na hilo ni dogo. Baadhi ya watu wana pembe finyu ndani ya jicho, pale maji ya jicho yanapopitia kutoka. Mboni ikifunguka, ile nyama ya rangi hujikunja na kuiziba pembe. Maji hukosa njia na presha ya jicho hupanda ghafla. Jicho huuma vikali na kuwa jekundu, taa huzungukwa na duara za rangi, mtu hutapika, na asipowahi matibabu anaweza kupofuka. Hutokea kwa nadra, na wagonjwa wengi wa presha ya macho, wale wenye pembe iliyo wazi, hufunguliwa mboni bila tatizo. Kwa hiyo si sababu ya kulikimbia tone. Ni sababu ya kumulika tochi kutoka upande wa sikio kabla ya kuliweka: nusu ya jicho iliyo upande wa pua ikiangukiwa na kivuli, simama, muite mkubwa wako. Tochi ya simu ya nesi ingetosha. Siku ile ilikuwa inamulika sahani ya chapati.

Kabla ya tone mtu asomeshwe herufi ukutani na mboni zake zipimwe kwa mwanga, kwa sababu baadaye vipimo hivyo havitasema kweli. Aulizwe presha ya damu na moyo, maana feniliefrini, ndugu mwingine wa tone, ile kali ya asilimia 10 huweza kuipandisha presha. Kuna ya asilimia 2.5. Aulizwe ujauzito na dawa zinazomdhuru. Aliyeumia kichwa asiwekewe kabla anayemtibu hajakubali, kwa sababu mboni zake ndizo zinazochunguzwa kujua hali ya ubongo. Mtoto mchanga apewe dawa hafifu na kidogo. Lenzi za kuvaa zitolewe. Ncha ya chupa isiguse kope, na kati ya dawa moja na nyingine zipite dakika tano. Baada ya tone, kona ya jicho karibu na pua ibanwe kwa kidole dakika moja hivi, dawa isiteremke puani na kuingia kwenye damu.

Nimeyasema yote hayo kwa muda mfupi kuliko kikao. Wala msiniambie hatuna wataalamu. Hospitali ya KCMC imesimama hapa tangu mwaka 1971, na inasomesha wataalamu wa macho. Kituo cha KCCO kilianzishwa Moshi mwaka 2001, kikasaidia huduma za macho katika nchi nyingi za Afrika. Mji unaowafundisha wengine kutazama jicho hauwezi kukosa mtu wa kumwambia bibi wa Marangu sentensi nne za Kiswahili: hii dawa ni ya nini, utaona ukungu mpaka saa ngapi, umekuja na nani, na ukiumwa usiku rudi mara moja, usingoje asubuhi. Tone lina makosa machache na yote yanajulikana. Makosa mengine yaliyobaki yana majina kwenye orodha ya mishahara.

Nawe msomaji, mwaka huu usikose kupima macho, hasa kama una kisukari. Nenda na mtu wa kukurudisha, na miwani ya jua au kofia pana. Taja magonjwa na dawa zako hata kama hakuna aliyekuuliza. Chochote cha kusaini, kisome na ukisaini kabla ya tone. Wakikuletea baada ya hapo, wakatalie.