Sifa za Nafasi Iliyoachwa Wazi

Nafasi iliyoachwa wazi ni mstari mfupi uliolala katikati ya sentensi ya Kiingereza, mahali palipokuwa na neno kabla mtungaji wa mtihani hajaling'oa. Ukiutazama peke yake hausemi lolote, na wino wa kuuchora haufiki tone. Hata hivyo umeamua nani aende shule ipi, nani apate kazi ya benki na nani akajaribu tena mwakani. Unastahili sifa, nazo umenyimwa kwa muda mrefu na wale wale uliowatoa jasho.

Nasaba yake ni ya heshima. Katika miaka ya 1890 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliwapa watoto wa shule za mji wa Breslau maandishi yenye mapengo, katika uchunguzi wa jinsi akili inavyochoka saa za masomo zinapozidi. Pengo basi lilianza kazi likiwa kipimo cha uchovu, na uchovu halijaacha kuushughulikia. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alilipa jina la kitaalamu, "cloze", akalitumia kupima ugumu wa maandishi: msomaji akishindwa kurudisha maneno yaliyofutwa, kosa ni la mwandishi, kwa kuwa hakuandika kwa kueleweka. Waliolipeleka kwenye mitihani walifanya badiliko dogo tu. Kosa walilihamishia kwa msomaji.

Nchini Kenya pengo lilikaa mahali pa heshima katika mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023. Karatasi ya Kiingereza ilifunguliwa na kifungu chenye nafasi 15, kila moja ikiwa na majibu manne ya kuchagua. Ukarimu wake haukuwa na mfano. Mtahiniwa asiyejua neno hata moja, akipaka penseli huku amefumba macho, aliweza kutarajia alama zinazokaribia nne. Insha haijawahi kumlipa mtu kwa kufumba macho. Katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ukarimu hupungua: karatasi ya kwanza ina kifungu chenye mapengo kumi na hakuna majibu ya kuchagua. Mtahiniwa hudaiwa neno moja kila pahali, alitoe kichwani mwake mwenyewe.

India, ambako umati hugombea nafasi chache za utumishi wa umma, pengo limepewa meno. Katika hatua ya kwanza ya mtihani ambao SSC, tume ya kuajiri watumishi wa serikali, huwapa wahitimu wa vyuo kuna maswali 100 ya kujibiwa kwa dakika 60, na 25 kati yake ni ya Kiingereza. Jibu sahihi hulipwa alama mbili, jibu baya hukatwa nusu alama. Adhabu hiyo hutajwa kwa hofu kubwa, ingawa hesabu inaonyesha kwamba mwenye kubahatisha kati ya majibu manne bado hubaki na faida ya thumuni ya alama kwa kila swali. Mitihani ya kuajiri ya mabenki ni makini zaidi, kama inavyopasa mabenki: majibu matano, alama moja kwa jibu zuri, robo kukatwa kwa jibu baya, na kubahatisha hakuleti faida wala hasara.

Fadhila kuu ya pengo ni unyenyekevu wake. Halina haja na maneno makubwa. Linapenda "to", "of", "at" na "the", watu wadogo wa lugha ambao hakuna awatajaye kwenye hotuba. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea kiambishi kimoja kumfikisha mezani, shuleni na mjini, hufundishwa na pengo kwamba mtu yuko "in" Mombasa lakini "at" kituo cha basi. Kwamba akipanda basi yuko "on", na akipanda teksi yuko "in", ijapokuwa vyote viwili vina milango, viti na dereva mwenye haraka. Hufundishwa pia kupenda chai "to" kahawa, ilhali "kuliko" ya kwao inamvuta kwenye "than". Sababu hazitolewi. Pengo lina adabu ya kutomchosha mwanafunzi kwa sababu.

Fadhila ya pili ni kwamba halimdai mtu maoni. Mtahiniwa hana haja ya kuamini kinachosemwa na kifungu, wala kujua kinahusu nini hasa. Sentensi imekwisha kufikiriwa na mwingine. Kilichobaki ni kuiziba. Kwa taasisi yenye watahiniwa wengi hii ni baraka, kwa sababu penseli iliyopakwa kwenye karatasi ya majibu husomwa na mashine, na mashine haibishani juu ya mtindo. Mwalimu aliyekuwa akibeba mafungu ya insha nyumbani kila Ijumaa anajua thamani ya jambo hili, hata kama hatalisema mbele ya mkaguzi.

Maandalizi yake yana taratibu zake. Kwanza hukusanywa karatasi za mitihani iliyopita na vitabu vya marudio, ambavyo hurithiwa ndugu kwa ndugu vikiwa na majibu ya kaka yamefutwa nusu. Kisha hukaririwa orodha. "No sooner" huja na "than", "hardly" huja na "when", "neither" haiendi popote bila "nor". "Despite" haifuatwi na "of", ila "in spite" haiachani nayo. Mtego unaopendwa kuliko yote ni "look forward to", kwa kuwa mwanafunzi aliyefundishwa kwa fimbo kwamba "to" hufuatwa na kitenzi kitupu hugundua hapa kwamba anatakiwa kuandika "seeing". Hakukosea alipofundishwa, na hakusamehewa alipojibu. Viulizi vya mwisho wa sentensi navyo vina sehemu yao: "Let's go" humalizwa kwa "shall we", na "I am late" humalizwa kwa "aren't I", umbo ambalo kanuni ya sarufi ingelikataa kama mazoea yasingelitetea. Kuna vijana wanaoweza kuyataja haya yote usingizini na wakashikwa na kigugumizi mgeni akiwauliza njia ya kwenda sokoni. Hilo si kosa la pengo, kwani mgeni hakuacha nafasi.

Katika chumba cha mtihani, ushauri unaotolewa na kila mwalimu ni kusoma kifungu chote kabla ya kujaza chochote. Wachache huutii. Wengi huanza na majirani: neno lililotangulia na neno linalofuata. Njia hii hudharauliwa, lakini ndiyo inayolipa. Pengo likitanguliwa na "an", majibu yote yanayoanza kwa sauti ya konsonanti huanguka papo hapo, ndiyo maana watungaji werevu huandika "a/an" na kuuziba mlango huo. Kitenzi chenye "s" humfichua mtendaji wa umoja. "Yesterday" ikiwa kwenye sentensi ya kwanza huelekeza nyakati za vitenzi vya aya nzima, mpaka mtungaji aliyechoka aisahau. Majibu mawili yakiwa na maana ile ile, yote mawili ni ya kutiliwa shaka, kwani sahihi ni moja. Kwa werevu huu inawezekana kujaza kifungu kizima kuhusu uchafuzi wa mito na kutoka nje bila kukumbuka kwamba kulikuwa na mto.

Sifa hizi zilithibitishwa kutoka upande usiotarajiwa. Mwaka 2018 watafiti wa Google walitangaza programu ya lugha iitwayo BERT, na wakaandika wazi kwamba mbinu yake ilichochewa na kazi ya Taylor. Ililishwa vitabu na Wikipedia ya Kiingereza, asilimia 15 ya maneno yakachaguliwa, mengi kati yake yakafichwa, nayo ikatakiwa kuyakisia, tena na tena, bila tuisheni wala mapumziko. Mwaka uliofuata iliwekwa kazini katika utafutaji wa Google, bila kuitwa kwenye usaili.