Heri Wasomao Vitano kwa Mpigo

Msomaji wa kitabu kimoja hana haja ya kutetewa. Walimu wanamsifu, wakutubi wanampenda kwa sababu hurudisha kwa tarehe, na akiulizwa anasoma nini siku hizi ana jibu fupi. Mimi namsifu yule mwingine: yule ambaye Kusadikika kiko chini ya mto, Kuli kiko kwenye mkoba wa kazini, Kisima cha Giningi kimelazwa kifudifudi juu ya friji, na cha nne hakumbuki kilipo ila anaapa kwamba anakisoma. Cha tano alikianza jana usiku. Mtu huyu amesemwa sana. Kila anayemkuta na rundo lake humpiga kwa methali: mshika mbili moja humponyoka, njia mbili zilimshinda fisi.

Tuanze na huyo fisi. Alipasuka msamba kwa sababu alisikia harufu ya nyama kwenye njia zote mbili, akataka kuwahi kote. Msomaji wa vitabu vitano hana pupa hiyo. Hafiki popote wala hana haraka ya kufika, kwa hiyo viungo vyake viko salama. Na kuhusu mshika mbili, hesabu yenyewe inamtetea mtu wetu: akiponyokwa na kimoja anabaki na vinne. Mwenye kimoja kikimponyoka anabaki na simu.

Wapo wanaoleta ushahidi wa mbali. Watakwambia kwamba Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, alimwonya rafiki yake Lucilius asirukeruke kutoka kitabu hiki hadi kile, maana aliye kila mahali hayupo popote. Ni kweli, aliandika hivyo. Lakini isome barua hiyo hadi mwisho (nami hiyo nimeimaliza, ni fupi). Hata haijakwisha, mzee Seneca mwenyewe anatoa neno alilolipata siku hiyohiyo kwa Epicurus, kiongozi wa madhehebu yaliyopingana na yake, na anajitetea kwamba huenda kambi ya wapinzani kama mpelelezi, wala hajahama. Basi na sisi ni wapelelezi. Kambi zetu ni nyingi kidogo.

Sasa nije kwenye fadhila kubwa ambayo haijapata kuandikwa: msomaji asiyemaliza huokoa maisha ya watu. Chukua riwaya tatu za Euphrase Kezilahabi. Katika Rosa Mistika, Rosa anajiua. Katika Kichwamaji, Kazimoto anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, Tumaini anaishia kitanzini. Msomaji wa kitabu kimoja huwasindikiza wote watatu, mmoja baada ya mwingine, hadi kaburini, kisha anafunga kitabu na kwenda kunywa chai. Msomaji wetu amevianza vyote vitatu wiki moja na kuvisimamisha vyote katikati. Kwake Rosa bado yuko shuleni, Kazimoto bado anafikiri, Tumaini bado anatapanya urithi. Hakuna daktari mwenye rekodi hiyo. Serikali nayo iliwahi kutoa mchango wake: Rosa Mistika kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku shuleni, na wanafunzi wengi wakazuiwa kumfikisha binti wa watu kwenye mauti.

Atatokea mtu mbishi aulize: na Karama je? Swali zuri. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama anasimama mbele ya mfalme, ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali na kutupwa gerezani waliporudi. Ukisoma hadi mwisho, wote wanaachiwa huru. Ukiishia kwa mjumbe wa tatu, kama alivyoishia msomaji wetu tangu mfungo wa mwaka juzi, Karama bado yuko kizimbani, hajakaa, hajanywa hata maji, na wale sita wanaozea ndani. Nakiri kwamba hili linaumiza. Lakini watu wa Kusadikika wamezoea kesi kukawia, na kitabu hicho ni cha mwaka 1951. Wameshakaa sana, wakivumilia hadi sikukuu haitawadhuru.

Isitoshe, vitabu vikisomwa pamoja vinasaidiana. Mtu akitoka kwenye Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla na kuingia kwenye Kuli cha Adam Shafi usiku huohuo, huku macho yamelegea, mpelelezi Bwana Msa humfuata na kiko chake hadi bandarini Unguja, anawatazama makuli wakibeba magunia, anamuuliza Rashidi swali moja tu, na mgomo wa 1948 unapata mpelelezi ambaye mwandishi hakumpangia. Anayesoma kimoja kimoja hawezi kuipata hadithi hii kwa bei yoyote. Haiuzwi dukani.

Na tabia hii hatukuizua. Tulifundishwa. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania anatakiwa aingie kwenye mtihani wa Kiswahili na riwaya mbili, tamthiliya mbili na diwani mbili kichwani, zote kwa wakati mmoja, kisha aambiwe atoe hoja tatu kutoka kila kitabu. Ndiyo maana pengine kwenye majibu yake Sekai wa riwaya ya Takadini anajikuta akikimbilia jalalani pamoja na Zita na Peter wa riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie. Msahihishaji anaona kosa. Mimi naona mwanamke aliyetoroka kijijini na mtoto mgongoni, amefika mjini, amepokewa na maskini wenzake. Hoja hiyo ingestahili alama.

Halafu kuna suala la alama za kurasa. Vitabu vitano vinataka vitu vitano vya kuwekea, na hakuna nyumba yenye vitambaa vya kazi hiyo. Kwa hiyo huwekwa kilicho karibu: karatasi ya luku, tiketi ya boti, njiti ya kiberiti, kadi ya mwaliko wa harusi ya watu ambao sasa wana watoto watatu. Kile cha juu ya friji hakina alama yoyote. Kina doa la mafuta ya maandazi ambalo limepenya kurasa nne, nalo linatosha, maana mahali linapoishia ndipo msomaji alipoishia. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikipotea, watu wa nyumba hii hawaendi kulia polisi. Wanakung'uta Dunia Mti Mkavu, kinadondoka.

Wazungu walilichukulia jambo hili la kusoma vingi kwa mpigo kwa uzito zaidi. Mwaka 1588, mhandisi Mwitaliano Agostino Ramelli alichapisha mjini Paris kitabu cha michoro ya mitambo, mingi ikiwa ya kuvuta maji, na kati yake akachora gurudumu kubwa la mbao lenye vimeza, kila kimeza na kitabu kilichofunuliwa. Unakaa, unazungusha, kitabu unachokitaka kinakuja mbele ya uso, na mfumo wa meno ndani yake unahakikisha vimeza havipinduki. Alisema mtambo huo unawafaa hasa wagonjwa wa jongo. Kwetu mkeka unatosha. Anayetaka riwaya analalia ubavu wa kulia, anayetaka ushairi anajigeuza, na mtambo hauhitaji grisi.

Basi nina maombi mawili. La kwanza kwa nyinyi mnaomaliza vitabu: mkimaliza, nyamazeni. Habari zote za vifo nilizozitaja hapo juu nilizipata kwenu, mkinisimulia bila kuombwa, tena kwenye daladala. La pili kwako uliyeniazima Vuta n'kuvute. Usidhani kimepotea, na usitume tena mtoto kuja kukiulizia. Kipo, nakisoma, ni cha pili kutoka chini, na ukikihitaji kweli njoo mwenyewe, ila ulete kingine cha kushika nafasi yake.